Neno, Sheria na Fungu: Tatizo la Kupima Misimamo ya Sera ya Vyama vya Siasa Tanzania kwa Kurejelea Wilaya ya Rungwe, 1958–2020

1.0 Utangulizi

Kata ya Matwebe ni miongoni mwa kata za Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, ambayo makao yake makuu ni mji wa Tukuyu. Kila baada ya miaka mitano wakazi wake, kama wakazi wa kata nyingine zote nchini, husomewa ilani za uchaguzi na kuombwa kura. Swali linalojitokeza ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: ilani hizo zinatofautiana kwa kiasi gani, na tofauti hiyo inaweza kupimwaje? Katika taaluma ya sayansi ya siasa swali hili limepata majibu mengi tangu katikati ya karne ya 20. Majibu hayo, hata hivyo, yalijengwa juu ya historia ya nchi nyingine, hususan za Ulaya Magharibi na Marekani.

Makala hii inachunguza vipimo vikuu vya misimamo ya sera ya vyama na kuvijaribu dhidi ya historia ya siasa ya Tanzania, kwa kuitazama Rungwe kama eneo la mfano. Hoja inayotetewa ni kwamba vipimo vinavyotegemea maneno ya vyama peke yake hushindwa kuiona historia hiyo kwa sababu nchini Tanzania maneno ya sera yamedumu ilhali sera zenyewe zimebadilika. Athari ya kushindwa huko si ya kitaaluma tu. Kipimo kisipoona tofauti, mtafiti huelekea kuhitimisha kwamba mpiga kura wa kijijini hana msimamo wa sera, bali anafuata kabila, sura ya mgombea au zawadi ya khanga. Hitimisho hilo linamhukumu mpiga kura kwa kosa la kipimo.

Makala imegawanyika katika sehemu sita. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza vipimo vilivyozoeleka. Sehemu ya tatu na ya nne zinajadili vipindi vya kihistoria kabla na baada ya mfumo wa chama kimoja. Sehemu ya tano inapendekeza namna ya kupima inayozingatia historia hiyo, na ya sita inahitimisha.

2.0 Vipimo Vilivyozoeleka

2.1 Dhana ya umbali

Msingi wa vipimo vyote ni dhana ya umbali. Hotelling (1929) alieleza jinsi wafanyabiashara wawili wanavyosogeleana katikati ya mtaa ili kugawana wateja. Downs (1957) aliihamishia dhana hiyo kwenye siasa: vyama husimama katika mstari mmoja unaoanzia kwenye udhibiti kamili wa serikali juu ya uchumi hadi kwenye soko huria, naye mpiga kura huchagua chama kilicho karibu naye. Kuanzia hapo, kupima msimamo wa chama kukawa na maana ya kutafuta nukta ambayo chama kimesimama katika mstari huo.

Stokes (1963) aliipinga dhana hiyo mapema. Alitofautisha masuala ya mgawanyiko, ambayo watu huyagombania kwa sababu wanataka mambo tofauti, na masuala ya makubaliano, ambayo kila mtu anataka jambo lilelile na ubishi uliopo ni kuhusu nani ataweza kulitimiza. Hakuna chama kinachosimama jukwaani kutetea rushwa au kupinga maji safi. Katika masuala ya aina hiyo hakuna umbali wa kupima, bali kuna sifa ya kuaminika tu. Bleck na van de Walle (2013) wanaonesha kwamba kampeni nyingi barani Afrika huelemea masuala ya makubaliano.

2.2 Uchambuzi wa ilani

Njia iliyoenea zaidi ni uchambuzi wa ilani. Mradi wa kulinganisha ilani ulianza mwaka 1979 kwa kikundi cha watafiti wa Ulaya na baadaye ukaendelezwa Berlin. Katika mradi huo ilani hukatwa katika vipande vidogo vya hoja, na kila kipande hupangwa katika mojawapo ya makundi 56 yaliyo chini ya nyanja saba. Makundi 13 huhesabiwa kuwa ya mrengo wa kulia na mengine 13 kuwa ya mrengo wa kushoto. Asilimia ya vipande vya kushoto hutolewa kutoka katika asilimia ya vipande vya kulia, na jibu huwa kati ya −100 na +100. Mathalani, ikichukuliwa ilani yenye vipande 1,000, ambavyo 150 kati yake ni vya kulia na 200 ni vya kushoto, chama hicho kitapata alama −5.

Njia hii ina sifa ya kuweza kurudiwa na kulinganishwa kwa miaka mingi. Ina udhaifu pia. Mikhaylov, Laver na Benoit (2012) walibaini kwamba wapangaji tofauti waliopewa matini moja walitofautiana kwa kiasi cha kutia shaka. Zaidi ya hapo, alama inayopatikana hupima uzito ambao chama kimelipa suala, yaani mara ngapi limetajwa, kuliko upande ambao chama kimesimama. Elischer (2012) aliipeleka njia hiyo Ghana, Kenya na Namibia, na hivyo kuthibitisha kwamba ilani za vyama vya Afrika zinaweza kuchambuliwa kwa uzito uleule zinaochambuliwa nao za Ulaya.

2.3 Kuhesabu maneno kwa kompyuta

Laver, Benoit na Garry (2003) waliunda programu ya Wordscores. Programu hiyo hupewa matini za rejea ambazo misimamo yake inajulikana, kisha hulinganisha mara ambazo kila neno limetumika katika matini hizo na katika matini mpya. Slapin na Proksch (2008) walifuata na Wordfish, isiyohitaji matini za rejea. Programu hizi hazielewi lugha, kwani zinachohesabu ni maneno tu.

Kwa Kiswahili, kuhesabu maneno kuna mtego. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, yambwa na kauli katika umbo moja. *Tutajenga*, *tumejenga*, *imejengwa* na *tutawajengea* ni maneno manne mbele ya kompyuta, ingawa mzizi wake ni mmoja. Mtafiti anaweza kukata viambishi na kubakiza mzizi, lakini akifanya hivyo anapoteza taarifa ya njeo. Asipovikata, anakabiliwa na kosa kubwa zaidi. Chama kilicho madarakani huandika ilani iliyojaa *-me-* na *-li-*, kwa kuwa kinaeleza kilichokwisha kutenda. Chama cha upinzani huandika ilani iliyojaa *-ta-*, kwa kuwa hakina cha kueleza isipokuwa ahadi. Programu inayotafuta tofauti kubwa kuliko zote kati ya matini itaikuta hapo, na mtafiti asiye mwangalifu ataitafsiri kuwa tofauti ya itikadi, ilhali ni tofauti kati ya aliyeko Ikulu na asiyeko.

2.4 Maoni ya wataalamu na kura za bungeni

Njia ya nne ni kuwauliza wataalamu wavipange vyama katika mizani. Castles na Mair (1984) walitangulia, na baadaye tafiti za aina hiyo zikapanuka hadi kufikia nchi nyingi za dunia, Tanzania ikiwemo. Wepesi wake ni dhahiri. Udhaifu wake ni kwamba mtaalamu mara nyingi hutazama siasa kutoka mji mkuu au chuo kikuu, naye huweza kurudia sifa ambayo chama kimejipatia badala ya kupima kinachotendwa wilayani.

Njia ya tano ni kutazama kura za wabunge, kama walivyofanya Poole na Rosenthal (1985) kwa Bunge la Marekani. Nchini Tanzania njia hii haina nafasi kubwa. Maamuzi mengi ya Bunge hupitishwa kwa sauti za *ndiyo* na *siyo*. Pale wabunge wanapoitwa majina, kama inavyofanyika katika kupitisha bajeti, kura hufuata mipaka ya vyama. Ibara ya 71 ya Katiba inamvua ubunge mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Kwa hiyo, kura ya wazi hupima nidhamu ya chama, na msimamo wa sera hubaki umefichika.

3.0 Mhimili Uliokuwepo na Uliofungwa, 1958–1992

3.1 Uchaguzi wa 1958 na mhimili wa rangi

Si kweli kwamba vyama vya Tanganyika havikuwahi kutofautiana kwa misimamo inayopimika. Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, palikuwa na mhimili mmoja ulio wazi. United Tanganyika Party, iliyoundwa mwaka 1956, ilisimamia mfumo wa kugawana viti kwa rangi. TANU, iliyoundwa 7 Julai 1954, ilidai usawa wa raia wote bila kujali rangi. African National Congress ya Zuberi Mtemvu, aliyejitenga na TANU baada ya mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ilitaka Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao. Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ambalo Rungwe ilikuwa sehemu yake, lilipiga kura katika awamu ya kwanza.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, mhimili huo haukuwa wa kushoto na kulia, bali ulihusu nani ni mwananchi. Mizani ya makundi 56 ingetawanya suala hilo katika makundi kadhaa na kulipoteza. Pili, kanuni ya uchaguzi ilivuruga kipimo. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU, iliyoupinga mfumo huo wa kura tatu, iliamua kushiriki na kuwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu. Mtafiti anayetazama orodha ya wagombea bila kujua uamuzi wa Tabora angedhani TANU iliukubali mgawanyo wa rangi. Tendo peke yake, kama lilivyo neno peke yake, laweza kupotosha.

Katika uchaguzi wa rais wa 1962 Mwalimu Julius Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98 ya kura dhidi ya Mtemvu. Hata hivyo, mhimili haukufa. Ulihamia ndani ya TANU, kama mjadala wa sheria ya uraia wa Oktoba 1961 ulivyokuwa umekwisha kuonesha: baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walipinga uraia wa wasio Waafrika, na Nyerere akatishia kujiuzulu. Kwa mtu anayehesabu vyama, tofauti ilikuwa imekwisha. Anayesoma kumbukumbu za Bunge anaikuta tofauti hiyo ikiwa imebadilisha makazi tu.

3.2 Jembe na nyumba

Mwaka 1965 Katiba ya muda ilianzisha rasmi mfumo wa chama kimoja. Katika uchaguzi wa Septemba mwaka huo, wagombea wawili wa TANU walishindanishwa karibu katika kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Wote wawili walizunguka pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, walisimama juu ya ilani moja, na walikatazwa kuomba kura kwa misingi ya kabila, dini au rangi.

Kwa kipimo chochote cha ilani, umbali kati ya jembe na nyumba ni sifuri. Hata hivyo wapiga kura waliwaondoa wabunge wengi waliokuwa madarakani, akiwemo Waziri Paul Bomani kule Mwanza. Iwapo wapiga kura hawakuwa na lolote la kuchagua, kitendo hicho hakina maelezo. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba mpiga kura alipima utendaji: nani alifika, nani alisikika, nani aliufanya ushuru au bei ya zao kuwa hoja. Huo ulikuwa upimaji wa sera uliofanywa na wananchi wenyewe, kwa kuwa mfumo haukutoa njia nyingine.

3.3 Azimio la Arusha na uso wake Rungwe

Azimio la Arusha la 5 Februari 1967 lilikipa chama msimamo ulioandikwa kwa uwazi kuliko wakati mwingine wowote. Yalifuata maandiko mengine: Mwongozo wa TANU wa 1971, Siasa ni Kilimo iliyotangazwa Iringa mwaka 1972, na agizo la Novemba 1973 la kutaka wananchi wa vijijini wahamie katika vijiji kabla ya mwisho wa 1976. Kwa mizani ya Downs, maandiko hayo yote yangewekwa mahali pamoja, upande wa kushoto.

Rungwe inaonesha upungufu wa jibu hilo. Kama ilivyokuwa Kilimanjaro na Bukoba, nyanda za Rungwe zilikuwa tayari na makazi yaliyokaribiana, yaliyozungukwa na migomba na kahawa, na ardhi ilikuwa haba. Katika maeneo ya aina hiyo kuhamisha watu hakukuwa na maana kubwa, na agizo la vijiji kwa kiasi kikubwa lilitekelezwa kwa kuyaandikisha makazi yaliyokuwepo chini ya Sheria ya Vijiji ya 1975. Msimamo wa chama ulikuwa mmoja kwa neno, lakini katika tambarare zilizokuwa na makazi yaliyotawanyika ulimaanisha kubomoa nyumba na kuhama, na katika nyanda za migomba ulimaanisha mhuri na daftari. Kwa hiyo alama moja ya kitaifa huficha sera mbili tofauti.

3.4 Nani anunue zao la mkulima?

Suala lililogusa Rungwe kwa kina zaidi lilikuwa la soko la mazao. Hapa historia inatoa mfululizo unaofaa kwa upimaji. Baada ya uhuru serikali iliujenga ushirika kuwa mnunuzi mkuu wa kahawa ya wakulima wadogo. Mwaka 1976 serikali ya chama hichohicho ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi yake ikachukuliwa na mamlaka za mazao. Chai ilikuwa tayari chini ya Mamlaka ya Chai Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968. Sheria ya Ushirika ya 1982 ikaruhusu vyama vikuu kurudi. Katika msimu wa 1994/95 ununuzi wa kahawa ukafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Sheria ya Chai ya 1997 ikatenganisha usimamizi wa zao na shughuli za biashara, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vya chai vya Katumba na Mwakaleli vikawa katika mikono ya kampuni ambayo wakulima wadogo wa Rungwe walikuwa na hisa ndani yake. Mwaka 2018 wanunuzi binafsi walizuiwa kununua kahawa moja kwa moja kwa mkulima, na mauzo yakaelekezwa kupitia vyama vya ushirika vya msingi.

Ikiwa mizani itawekwa, yenye chombo cha serikali upande mmoja, soko huria upande mwingine na ushirika katikati, chama tawala kimetembea kutoka katikati hadi upande wa serikali, kikarudi katikati, kikaenda upande wa soko, kisha kikarudi tena katikati. Hayo yametokea bila chama kubadilika madarakani, na bila ahadi ya kumwinua mkulima kutoweka katika maandiko yake. Kwa mkulima wa Rungwe, kila hatua ilikuwa sera mpya yenye bei mpya, mzani mpya na mtu mpya wa kudai naye malipo. Mchambuzi wa maneno hakuona mabadiliko yenye uzito kama huo.

4.0 Vyama Vingi na Maneno Yaliyobaki, 1992–2020

4.1 Kipimo cha Tume ya Nyalali

Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, yaweza kutazamwa kama jaribio la kitaifa la kupima misimamo. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikapitishwa mwaka 1992. Uamuzi huo umesifiwa kwa kuwalinda wachache. Kwa upande wa upimaji una funzo jingine: wengi wa waliokichagua chama kimoja walitaka pia mageuzi ndani yake. Swali la ndiyo au hapana liliwaweka katika kundi moja watu waliotaka hali ibaki kama ilivyo na watu waliotaka ibadilike sana.

4.2 Neno *ujamaa* baada ya ujamaa

Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi alichukua urais, mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafikiwa, na Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM iliyokutana Zanzibar ikalegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Uchumi uliingia katika ubinafsishaji. Pamoja na hayo, Katiba ya nchi iliendelea kuitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa, na Katiba ya CCM iliendelea kuutaja Ujamaa na Kujitegemea kuwa imani ya chama. Programu ya Wordscores ikipewa Azimio la Arusha kama matini ya rejea, itayakuta maneno mengi ya mwaka 1967 yakiwa hai katika maandiko ya miaka ya 2000. Jibu litakalotoka litakuwa sahihi kihesabu na la upotoshaji kihistoria.

Upinzani nao ulijaribu kujenga mhimili. CUF ilitangaza sera ya utajirisho. CHADEMA, ambayo mwanzilishi wake Edwin Mtei aliwahi kuwa Gavana wa Benki Kuu na Waziri wa Fedha, ilisimama upande wa uchumi wa soko na ikatetea utawala wa majimbo. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo ilitoa Azimio la Tabora kwa kusudi la kuhuisha misingi ya Azimio la Arusha. Kwa maandishi, basi, tofauti zilikuwepo. Suala la majimbo hasa ni la mgawanyiko kwa maana ya Stokes, kwa kuwa lina upande wa ndiyo na upande wa hapana.

4.3 Sera inayohama chama

Hata hivyo, masuala yaliyobeba kampeni yalikuwa ya makubaliano, na yalihama. Mwaka 2007 Willibrod Slaa wa CHADEMA alitangaza orodha ya watuhumiwa wa ufisadi katika mkutano wa Mwembe Yanga, Dar es Salaam, na vita dhidi ya ufisadi ikawa alama ya upinzani. Mwaka 2015 Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kufuatia sakata la Richmond, alihama CCM na kuwa mgombea urais wa CHADEMA akiungwa mkono na Ukawa. John Magufuli wa CCM akaichukua hoja ya ufisadi na kuifanya yake. Alishinda kwa asilimia 58 dhidi ya takriban asilimia 40 za Lowassa.

Elimu ilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 2010 CHADEMA iliahidi elimu bila ada. Mwaka 2015 Serikali ya CCM ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa katika shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne. Katika kipimo cha ilani, vyama viwili vimesogeleana. Kwa mzazi wa Rungwe aliyekuwa na mtoto wa kidato cha pili, jambo lililotokea ni kwamba ahadi ya chama kimoja ilitekelezwa na kingine. Mzazi huyo anaweza kukipigia kura chama kilichotekeleza au kile kilichoanzisha hoja, na kura zote mbili ni za sera. Jimbo la Rungwe lilibaki CCM mwaka 2015 ilhali Mbeya Mjini, mkoani humohumo, ilikuwa ya CHADEMA tangu 2010. Maelezo yanayokimbilia kabila hayatoshi hapa, wala yanayokimbilia umbali wa ilani.

5.0 Kuelekea Kipimo cha Tabaka Tatu

Mjadala uliotangulia hauna maana kwamba vipimo vilivyopo vitupwe. Una maana kwamba kila kimoja kinapima tabaka moja la msimamo, na kwamba tabaka hizo ni tatu.

Tabaka la kwanza ni la neno: ilani, maazimio na hotuba. Uchambuzi wa ilani unafaa hapa, kwa masharti mawili. Kwanza, makundi ya uchambuzi yatokane na masuala ya nchi yenyewe, kama vile muundo wa Muungano, majimbo, mnunuzi wa mazao, ardhi na uchangiaji wa huduma. Pili, njeo ihesabiwe peke yake, ili ahadi na taarifa ya utekelezaji zisichanganywe.

Tabaka la pili ni la sheria, pamoja na nyaraka na maagizo ya Serikali. Mfululizo wa 1976, 1982, 1994 na 2018 unaonesha kwamba msimamo kuhusu soko la mazao unasomeka vizuri zaidi hapa kuliko katika ilani.

Tabaka la tatu ni la fungu, yaani bajeti na mahali fedha zinapofika. Katika tabaka hili kata kama Matwebe huwa chanzo cha data na si uwanja wa kampeni tu. Mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, kumbukumbu za Baraza la Madiwani zilizoko Tukuyu, na taarifa za utekelezaji wa ilani zinazosomwa katika vikao vya chama na vya halmashauri huonesha jambo lipi lilipewa fedha, lipi liliachiwa nguvu za wananchi, na lipi lilibaki katika karatasi. Vyanzo hivyo vina upendeleo wake, kwa kuwa taarifa ya utekelezaji huandikwa ili kusifu. Kwa sababu hiyo visomwe sambamba na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu halmashauri husika.

Msimamo wa chama, kwa mkabala huu, ni uhusiano kati ya nukta tatu katika tabaka hizo. Chama ambacho neno, sheria na fungu lake vimekaa pamoja kina msimamo thabiti. Chama ambacho neno lake liko mbali na sheria na fungu lake hakikosi msimamo pia, kwani umbali huo wenyewe ndio taarifa anayoihitaji mwanahistoria. Kwa vyama ambavyo havijawahi kushika serikali kuu, tabaka la pili na la tatu hupatikana kwa sehemu pale vilipoongoza halmashauri. Pengo linalobaki halina budi kutajwa wazi katika matokeo, lisizibwe kwa makisio.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba vipimo vya misimamo ya sera vilivyozoeleka vinaweza kutumika Tanzania, lakini haviwezi kuachwa vifanye kazi bila historia. Mhimili wa 1958 ulikuwa wa uraia na haukuwa wa uchumi. Katika mfumo wa chama kimoja umbali wa ilani ulikuwa sifuri, na bado wapiga kura walichagua. Rungwe ilipokea Azimio la Arusha kwa namna tofauti na tambarare, ikaona mnunuzi wa zao akibadilishwa mara kadhaa na chama kilekile, na ikaona ahadi ya elimu ikihama kutoka chama hadi chama. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linaloonekana vizuri kwa kuhesabu maneno.

Kwa watafiti, jambo la haraka ni utunzaji wa ushahidi. Ilani za kitaifa huchapishwa na kuhifadhiwa, lakini mihtasari ya kata huandikwa kwa mkono au kuchapwa nakala chache, na huharibika kwa unyevu, kuhama kwa ofisi na kugawanywa kwa maeneo ya utawala. Bila mihtasari hiyo, tabaka la tatu halitapimika tena kwa miaka iliyopita, na historia ya misimamo ya vyama itaandikwa kutokana na yale tu ambayo vyama vilisema vyenyewe.